Solomon Plaatje na Tamthilia za Shakespeare katika Kitswana: Maisha ya Mfasiri, 1876–1932

1.0 Utangulizi

Mwaka 1930 kiwanda cha uchapaji cha wamisionari huko Morija, katika nchi ambayo leo ni Lesotho, kilitoa kitabu chenye jina Diphosho-phosho. Kilikuwa tafsiri ya The Comedy of Errors, tamthilia fupi kuliko zote za William Shakespeare, katika lugha ya Kitswana. Kitabu hicho ni miongoni mwa tafsiri za awali kabisa za Shakespeare kuchapishwa katika lugha ya Kibantu. Kiliitangulia kwa zaidi ya miaka thelathini tafsiri ya Julius Nyerere, Julius Caezar, iliyotoka mwaka 1963.

Mfasiri wa Diphosho-phosho, Solomon Tshekisho Plaatje, anafahamika zaidi kwa siasa zake. Ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa chama ambacho tangu 1923 kinaitwa African National Congress, na ndiye aliyeandika utetezi mashuhuri dhidi ya Sheria ya Ardhi ya 1913. Kazi yake ya tafsiri imezoeleka kutajwa mwishoni mwa wasifu wake, kana kwamba ilikuwa mapumziko ya mwanasiasa aliyechoka. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuiweka kazi hiyo katikati. Hoja inayojengwa ni kwamba, kwa Plaatje, kuifikisha tamthilia ya kale kwa jamii nzima hakukuwa kuwagawia watu wa chini hazina ya watu wa juu. Lilikuwa suala la mamlaka juu ya lugha: nani aamue namna inavyoandikwa, mambo gani yanaweza kusemwa kwayo, na kwa faida ya nani. Suala hilo alilipigania hadi mwisho wa uhai wake, na kwa kiasi kikubwa alishindwa. Kushindwa huko nako kuna mafunzo.

2.0 Malezi na Elimu

Plaatje alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1876 katika shamba la Doornfontein, karibu na Boshof, katika jimbo lililokuwa Orange Free State. Wazazi wake walikuwa Warolong, tawi mojawapo la Watswana, na walikuwa Wakristo. Angali mtoto, familia ilihamia Pniel, kituo cha wamisionari wa Kijerumani wa Berlin kilichokuwa kando ya mto Vaal, si mbali na migodi ya almasi ya Kimberley. Huko alisoma katika shule ya misheni. Masomo yake rasmi hayakuvuka madarasa ya chini, ingawa mke wa mmisionari Ernst Westphal alimpa masomo ya ziada ya Kiingereza na muziki. Kisha akawa mwalimu msaidizi papo hapo.

Elimu yake ya pili haikuandikwa katika cheti chochote. Nyumbani alisikia Kitswana cha wazee: hadithi, methali, masimulizi ya koo na ya vita vya karne ya kumi na tisa. Mazingira ya Pniel yalikutanisha Kitswana, Kiholanzi cha makaburu, Kijerumani, Kiingereza na lugha nyingine za Kiafrika. Mtoto aliyekulia hapo alijifunza mapema kwamba jambo moja husemwa kwa njia nyingi, na kwamba kila njia ina uzito wake. Alipofikia utu uzima alikuwa na uwezo wa kutumia lugha zisizopungua saba.

3.0 Kimberley: Jukwaa na Hadhira Yake

Mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 17, Plaatje alikwenda Kimberley kufanya kazi ya tarishi wa simu za maandishi katika ofisi ya posta. Mji huo ulikuwa na tabaka dogo la Waafrika waliosoma: makarani, walimu, wakalimani na wachungaji. Walikuwa na vyama vyao vya mijadala na muziki, na Plaatje alijiunga navyo. Alisoma insha mbele ya wenzake, akakosolewa, na akajitahidi kuboresha Kiingereza chake.

Ni hapo, mwaka 1896, alipoitazama Hamlet ikichezwa na kundi la wasanii wasafiri. Tukio hilo lilimchochea kuzitafuta tamthilia nyingine na kuzisoma mwenyewe. Jambo la kuzingatia ni alichokifanya baada ya kusoma. Aliwasimulia watu yale aliyoyasoma. Aliposimulia habari za Shylock katika The Merchant of Venice, wasikilizaji wake walimuuliza, zaidi ya mara moja, ni yupi hasa kati ya walanguzi wa Kimberley aliyekusudiwa. Swali hilo lina uzito wa kinadharia. Wasikilizaji hawakuiona Venisi kama mahali pa kigeni panapohitaji maelezo. Waliiona biashara ya mji wao wenyewe, mji wa madeni, dhamana na almasi. Kabla Plaatje hajaandika mstari mmoja wa tafsiri, alikwishathibitisha kwa vitendo kwamba kizuizi baina ya tamthilia na umma hakikuwa maudhui. Kizuizi kilikuwa lugha.

Shakespeare aliingia pia katika maisha yake ya ndani. Alimpenda Elizabeth M'belle, mwalimu aliyetoka katika jamii ya Wamfengu wazungumzao Kixhosa. Familia zote mbili zilipinga ndoa ya makabila mawili, na kwa vijana hao kisa cha Romeo na Juliet kilikuwa mfano wa karibu mno. Walioana Januari 1898, na upinzani wa wazee ukapoa baadaye.

4.0 Mkalimani na Mhariri

Mwaka huohuo wa 1898 Plaatje alihamia Mafikeng kuwa karani na mkalimani wa mahakama. Alikuwepo wakati mji huo ulipozingirwa na makaburu kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, na aliandika shajara ya mzingiro huo, ambayo iligunduliwa mwaka 1969 na kuchapishwa 1973. Kwa mada ya makala haya, hata hivyo, kazi ya mahakamani ina uzito zaidi kuliko shajara.

Mkalimani wa mahakama husimama baina ya hakimu asiyeijua lugha ya mshitakiwa na mshitakiwa asiyeijua lugha ya sheria. Neno moja likipotoshwa, mtu huweza kwenda jela. Plaatje aliandika insha kuhusu kazi hiyo, akisisitiza kwamba mkalimani asiyezijua kwa undani lugha zote mbili ni hatari kwa haki. Msimamo huo unaeleza tabia ya tafsiri zake za baadaye. Mahakamani alijifunza kwamba uaminifu wa mfasiri hauko katika kufuata neno kwa neno. Uko katika kuhakikisha kwamba msikilizaji anapata maana ileile, kwa nguvu ileile, kama aliyeisikia katika lugha chanzi.

Kuanzia 1902 alikuwa mhariri wa gazeti la Koranta ea Becoana, lililochapishwa Mafikeng kwa Kitswana na Kiingereza chini ya umiliki wa Silas Molema. Gazeti hilo lilipokwama kwa ukosefu wa fedha, alirudi Kimberley na mwaka 1910 akaanzisha Tsala ea Becoana, ambalo baadaye liligeuzwa jina na kuwa Tsala ea Batho. Kazi ya magazeti ilimpa uzoefu wa kila juma wa kukiandika Kitswana kuhusu mambo ambayo maandishi ya misheni hayakuyagusa: sheria, bei, uchaguzi, vita na habari za ng'ambo. Tangu Biblia nzima ya Kitswana ya Robert Moffat ilipokamilika mwaka 1857, lugha hiyo ilikuwa imeandikwa zaidi kwa ajili ya kanisa na shule. Plaatje aliitoa nje ya uzio huo.

5.0 London: Methali, Fonetiki na Shakespeare

Tarehe 8 Januari 1912 viongozi wa Kiafrika walikutana Bloemfontein na kuunda South African Native National Congress, John Dube akiwa Rais na Plaatje Katibu Mkuu. Mwaka uliofuata serikali ilipitisha Sheria ya Ardhi, iliyowaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi na kuwakataza kununua au kukodi nyingine nje ya maeneo hayo. Plaatje alizunguka vijijini akiziona familia zilizofukuzwa zikitangatanga barabarani na mifugo yao. Mwaka 1914 alisafiri na ujumbe wa chama kwenda Uingereza kudai sheria hiyo ibatilishwe. Ujumbe haukufanikiwa. Wenzake walirudi, yeye alibaki hadi 1917.

Mwaka 1916 pekee alichapisha vitabu vitatu. Native Life in South Africa ni shitaka dhidi ya Sheria ya Ardhi. Kitabu cha pili ni mkusanyiko wa methali 732 za Kitswana pamoja na tafsiri zake na methali za Ulaya zinazolingana nazo. Cha tatu, A Sechuana Reader, alikiandika pamoja na Daniel Jones, mwanafonetiki wa University College London. Vitabu hivi vitatu havipaswi kutenganishwa. Cha kwanza kinatetea ardhi. Cha pili na cha tatu vinatetea lugha ya watu walionyang'anywa ardhi hiyo.

Ushirikiano na Jones ulikuwa na matokeo makubwa kwa fikra za Plaatje. Kitswana kina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kirumi ina herufi tano za irabu. Tena ni lugha ya toni, ambamo kiwango cha sauti hubeba maana. Plaatje aliwasikia wanafunzi wa Jones, wasiojua Kitswana kabisa, wakisoma matini ya Kitswana kwa matamshi sahihi kwa kufuata alama za kifonetiki. Jambo hilo lilimshawishi kwamba kasoro za maandishi ya lugha yake zilitokana na watu walioyabuni, wala hazikuwa maumbile ya lugha. Ikiwa mgeni wa London aliweza kuongozwa na alama hadi akatamka kama Mrolong, basi mtoto wa Kitswana alistahili angalau uangalifu huohuo.

Mwaka huohuo wa 1916 ulikuwa wa kuadhimisha miaka 300 tangu kifo cha Shakespeare. Israel Gollancz alihariri kitabu kikubwa cha heshima chenye michango kutoka pande nyingi za dunia, na Plaatje alichangia insha kwa Kitswana pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, bila jina lake kutajwa. Katika insha hiyo Shakespeare anaitwa William Tsikinya-Chaka. Jina hilo ni tafsiri sisisi yenye ucheshi, mzizi wa kwanza ukiwa na maana ya kutikisa na wa pili silaha ya vita. Kwa kupewa jina la aina hiyo, Mwingereza huyo anaingia katika orodha ya mashujaa wanaojulikana kwa majina ya sifa.

Insha hiyo ina hoja mbili zinazohusu mada hii. Kwanza, Plaatje anabainisha kwamba baadhi ya visa vinavyounda tamthilia za Shakespeare vina vilinganishi katika fasihi simulizi ya Kiafrika. Pili, anaeleza jinsi alivyotazama filamu ya mateso ya Yesu iliyoonyesha watu wote kuwa weupe isipokuwa Yuda msaliti, aliyekuwa mweusi. Kinyume cha filamu hiyo, aliona kwamba Shakespeare hakuugawa ushujaa na uovu kwa rangi ya ngozi. Hapa ndipo sababu ya tafsiri zake inapojitokeza. Hakukusudia kuwafundisha Watswana kuwaheshimu Waingereza. Alikusudia kuwapa chombo kinachomwonyesha binadamu bila kumpangia nafasi kwa rangi, katika wakati ambapo sheria za nchi yao zilifanya hivyo kila siku.

6.0 Sinema ya Kusafiri na Tafsiri za Tamthilia

Plaatje alirudi Uingereza mwaka 1919 na ujumbe wa pili, akafika Kanada na Marekani, na hatimaye akarejea nyumbani mwishoni mwa 1923. Alikuta chama kimedhoofika na magazeti yake yamekufa. Alikuwa na madeni, na hakuwa tena na wadhifa wa kisiasa wa kumpa riziki.

Alirudi na mashine ya kubebeka ya kuonyeshea filamu pamoja na filamu alizozipata kwa msaada wa marafiki huko Marekani, zikiwemo za taasisi ya Tuskegee. Kuanzia 1924 alizunguka nayo mijini na vijijini akiwaonyesha Waafrika, wengi wao wakiwa hawajawahi kuona sinema. Mapato yalikuwa haba. Lakini mizunguko hiyo ilimweka mbele ya hadhira ileile aliyoifikiria alipokuwa akifasiri: wazee, wanawake, watoto wa shule na vibarua, wameketi pamoja na kucheka pamoja.

Katika miaka hiyo alifasiri tamthilia kadhaa. Mbali na Diphosho-phosho, alifasiri Julius Caesar kwa jina la Dintshontsho tsa bo-Juliuse Kesara, The Merchant of Venice kwa jina la Mashoabi-shoabi, na Much Ado About Nothing kwa jina la Matsapa-tsapa a Lefela. Majina haya yanastahili uchambuzi. Yote manne yana uradidi, mbinu ya kimofolojia inayofahamika vyema kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Diphosho-phosho ni zaidi ya makosa: ni makosa juu ya makosa, yanayofuatana bila kikomo. Mashoabi-shoabi yanarudia dhana ya huzuni na fadhaa, na Matsapa-tsapa a Lefela ni taabu tele za bure. Katika Dintshontsho tsa bo-Juliuse Kesara, kiambishi bo- kinaashiria Juliasi pamoja na wenzake, hivyo jina linatangaza vifo vya wengi: vya Kaizari na vya wale waliomuua. Jina la Kiingereza halisemi hivyo. Kitswana kiliweza kusema kwa kiambishi kimoja jambo ambalo msomaji wa Kiingereza hulitambua anapofika mwisho wa mchezo.

Uteuzi wa The Comedy of Errors kuwa ya kwanza kuchapishwa nao una mantiki. Mchezo huo unategemea mapacha wanaofananishwa, na vichekesho vya kufananisha watu havihitaji ujuzi wa historia ya Uingereza. Isitoshe, unaanza na mzee aliyehukumiwa kufa kwa kosa la kuonekana katika mji ambao sheria inamkataza kukanyaga. Kwa wasomaji walioishi chini ya sheria za pasi na za ardhi, Egeon wa Sirakusa hakuwa kichekesho wala mtu wa kale. Plaatje aliyatafsiri mazungumzo kwa kutumia nahau na methali za Kitswana badala ya kufuata sura ya Kiingereza, na kwa hiyo wahusika wake husikika kama watu wanaozungumza.

Uchapishaji ulikuwa kazi ngumu kuliko tafsiri yenyewe. Hata riwaya yake ya Kiingereza, Mhudi, iliyotolewa na Lovedale mwaka huohuo wa 1930, aliichapisha kwa nia ya kupata fedha za kukusanyia na kuchapishia hadithi za Kitswana. Katika mpango wake lugha ya kigeni ndiyo iliyopaswa kuilisha lugha ya mama.

7.0 Mgogoro wa Tahajia

Kila shirika la misheni lilikuwa limekiandika Kitswana kwa namna yake. Athari hizo zinaonekana katika majina ya kazi za Plaatje mwenyewe: jina la watu na la lugha limeandikwa Becoana katika magazeti, Sechuana katika vitabu vya 1916, na leo huandikwa Setswana. Sauti ni ileile. Herufi ni za mabwana tofauti. Wote walikubali kwamba hali hiyo ilihitaji kurekebishwa. Ugomvi ulihusu nani arekebishe.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kamati zilizoungwa mkono na serikali ya Afrika Kusini zilianza kusanifisha tahajia za lugha za Kiafrika, zikilenga kukisogeza Kitswana karibu na lugha jirani za kundi la Kisotho. Wataalamu wa vyuo vikuu na wamisionari walikuwa na sauti kubwa. Plaatje alipinga kwa nguvu. Hakuikataa sayansi ya lugha; yeye mwenyewe alikuwa ameshirikiana na mwanafonetiki mashuhuri. Alikataa tahajia inayoamuliwa na watu wasioizungumza lugha hiyo, bila ridhaa ya wanaoizungumza, kwa sababu za urahisi wa utawala na uchapaji.

Wanaisimu wa Kiswahili hawatashindwa kuona ulinganifu. Katika Afrika Mashariki mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha, ambayo mwanzoni haikuwa na wajumbe Waafrika. Usanifishaji huo ulirahisisha vitabu na elimu, na bila shaka ulimwandalia Nyerere lugha ya maandishi iliyokwisha kuenea. Hata hivyo uliziacha nje lahaja zenye fasihi kongwe, hasa za Mombasa na Lamu. Swali la Plaatje, basi, halikuwa la Watswana peke yao.

Plaatje alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 19 Juni 1932 huko Pimville, Johannesburg, akiwa na umri wa miaka 55, na akazikwa Kimberley. Miswada ya Mashoabi-shoabi na Matsapa-tsapa a Lefela ilipotea. Dintshontsho tsa bo-Juliuse Kesara ilitolewa mwaka 1937 na University of the Witwatersrand katika mfululizo wa Bantu Treasury, ikiwa imehaririwa na Profesa G. P. Lestrade. Mhariri aliigeuza tahajia iwe ile mpya, na pia alibadilisha sehemu za tafsiri yenyewe. Hivyo kitabu cha mtu aliyepinga kuamuliwa lugha yake kilifika kwa wasomaji katika maandishi aliyoyapinga, yeye akiwa kaburini.

8.0 Hitimisho

Tathmini ya haki haina budi kukubali pande mbili. Uhariri wa Lestrade uliinusuru tafsiri ambayo pengine ingepotea kama zile nyingine, na tahajia moja ilikuwa na faida kwa shule. Lakini uokozi huo ulifuata utaratibu uleule alioupinga Plaatje: mzungumzaji hutoa lugha, mwingine hutoa uamuzi. Aidha, kitabu cha shule humfikia mwanafunzi, ilhali hadhira aliyoizoea Plaatje katika mizunguko yake ilikuwa ya umma mzima, wakiwemo wasiojua kusoma. Umbali baina ya hadhira hizo mbili ndio umbali ambao tafsiri peke yake haikuweza kuuvuka.

Maisha ya Plaatje yanaonyesha kwamba kuifanya tamthilia ya kale kuwa mali ya jamii kuna hatua tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni tafsiri inayosema kama watu wasemavyo. Ya pili ni maandishi ambayo watu wenyewe wameyaridhia. Ya tatu ni njia ya kuifikisha kazi kwa wasionunua vitabu. Ya kwanza aliitimiza kwa ustadi. Ya pili aliipigania akashindwa. Ya tatu aliianza na mashine ya sinema juu ya gari, kwa fedha zake mwenyewe. Tangu 2014 chuo kikuu cha Kimberley kinabeba jina lake. Heshima hiyo anaistahili, lakini mfasiri wa leo wa tamthilia katika lugha yoyote ya Kiafrika atamheshimu zaidi kwa kujiuliza, kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, ni nani aliyeamua herufi anazozitumia na ni nani atakayesikia maneno yake yakitamkwa.